Nani Ajifunze? Viziwi wa Martha's Vineyard na Hoja ya Kubadili Mtazamo

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unataka katika Ibara ya 3 watu hao wakubaliwe kuwa sehemu ya utofauti wa wanadamu. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 8 inazitaka serikali ziielimishe jamii. Kutokana na ibara hizo mbili umezoeleka usomaji ambao ni nadra kuhojiwa katika semina na ripoti za miradi: kwamba kukubali ni jambo la moyoni, kwamba kinachomtenga mtu na jirani yake ni mtazamo hasi, na kwamba mtazamo huo ukisahihishwa kwa mabango, fulana na maandamano ya siku maalumu, mengine yatafuata.

Usomaji huo una kasoro kubwa, na hakuna mahali inapoonekana wazi zaidi kuliko katika maisha ya viziwi.

Kwamba unyanyapaa upo na unaumiza, wataalamu hawabishani. Ubishi unaanza pale inapoulizwa ni nani anayepaswa kubadilika, na abadilike kwa kufanya nini. Mtu anaweza kuondoka kwenye semina akiwa na mtazamo safi kabisa, akafika nyumbani, akampungia mkono jirani yake kiziwi, akapita. Hana chuki naye. Hana pia njia ya kumwuliza mtoto aliyekuwa mgonjwa anaendeleaje. Kwa huyo kiziwi, tofauti kati ya jirani mwenye chuki na jirani mwema asiyejua alama hata moja ni ndogo kuliko waandaaji wa kampeni wanavyodhani.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja hii unatoka mbali na Afrika Mashariki, katika kisiwa cha Martha's Vineyard kwenye pwani ya Massachusetts, Marekani. Kiziwi wa kwanza anayejulikana kisiwani humo alihamia mwaka 1694. Familia za walowezi, nyingi zikiwa na asili ya jimbo la Kent huko Uingereza, zilioana kwa vizazi, na uziwi wa kurithi ukaenea. Katika karne ya 19 inakadiriwa kuwa Marekani nzima mtu 1 kati ya 5,728 alizaliwa kiziwi. Kisiwani alikuwa 1 kati ya 155, na katika mji wa Chilmark 1 kati ya 25. Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliuchunguza ukoo baada ya ukoo akitafuta kanuni ya urithi huo. Hakuipata, kwa kuwa kazi ya Mendel kuhusu kanuni za urithi ilikuwa bado haijafahamika kwa wanasayansi wa wakati wake.

Lililowavutia wasomi wa baadaye ni jinsi wakazi walivyoishi na hali hiyo. Mwanaanthropolojia Nora Ellen Groce, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1985, anaonyesha kwamba wenye kusikia kisiwani walijua lugha ya alama tangu utotoni, na hawakuitumia mbele ya viziwi pekee. Wavuvi walizungumza kwa mikono kutoka chombo hadi chombo, mahali ambapo sauti haifiki. Watoto waliongea hivyo mwalimu akigeuka. Viziwi walivua, walilima, walishika nyadhifa za mji, na wengi wao walioa au kuolewa na watu wenye kusikia. Jimbo la Massachusetts liliwalipia masomo katika shule ya viziwi ya Hartford, iliyofunguliwa mwaka 1817, hata baadhi yao wakawa wasomi kuliko majirani zao, ambao waliwapelekea hati na barua wawafafanulie.

Groce anasimulia habari ya mwanamke mzee aliyeulizwa kuhusu wanaume wawili wa zamani. Alichokumbuka upesi ni kwamba walikuwa wavuvi hodari. Ilibidi aulizwe waziwazi kama hawakuwa viziwi ndipo akakumbuka kwamba ni kweli. Kisa hiki kimerudiwa sana, na mara nyingi kinachukuliwa kuwa ushahidi wa wema wa wakazi. Tafsiri hiyo haitoshi. Hakuna dalili kwamba wavuvi wa Chilmark walikuwa watu wema kuliko wavuvi wa kwingine. Mwanamke yule alisahau uziwi wa majirani zake kwa sababu haukuwahi kumzuia kusema nao. Mikono yake ilishajifunza kabla hajafika umri wa kuwa na mtazamo wowote. Usahaulifu wake ulitokana na ujuzi, na ujuzi ule ulimgharimu kila mkazi muda na mazoezi, ingawa gharama ililipwa utotoni na kwa hiyo haikuhisiwa.

Wako wanaopinga kwamba Groce alifika wakati viziwi wenyewe hawapo tena, kwani wa mwisho mwenye uziwi ule wa kurithi alifariki mwaka 1952, hivyo alichokusanya ni kumbukumbu za wazee wenye kusikia wakiusifu ujana wao. Pingamizi hili lina uzito kwa yale yanayohusu hisia. Halina uzito uleule kwa yanayohusu lugha. Mzee anaweza kupamba upendo aliokuwa nao kwa jirani, lakini hawezi kubuni alama ambazo vidole vyake havikuwahi kuzijua, na wazee wale walikuwa bado wanakumbuka baadhi ya alama.

Pingamizi kali zaidi linatoka Ghana. Katika kijiji cha Adamorobe, kwenye vilima vya Akuapem, uziwi wa kurithi umezaa lugha ya alama ya kijiji ambayo wenyeji wengi wenye kusikia wanaielewa. Hata hivyo, mwaka 1975 chifu alipiga marufuku ndoa kati ya kiziwi na kiziwi ili watoto viziwi wapungue. Annelies Kusters, mtafiti ambaye mwenyewe ni kiziwi na aliyeishi kijijini hapo, amewakosoa vikali wanaovigeuza vijiji vya aina hii kuwa pepo ya duniani. Ana haki. Adamorobe inathibitisha kwamba lugha peke yake haimlindi mtu na amri ya wenye mamlaka. Haithibitishi kwamba mtu anaweza kukubaliwa bila lugha, na hilo ndilo dai ambalo wapenzi wa kampeni wangehitaji kulithibitisha.

Afrika Mashariki imeshapiga hatua za kisheria. Uganda iliitambua lugha ya alama katika katiba ya mwaka 1995, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za bunge. Hatua hizi ni za kuheshimiwa. Lakini tazama mzigo umewekwa wapi: kwa mkalimani. Mbunge mwenye kusikia hatakiwi kujifunza chochote. Akitoka ukumbini, mazungumzo ya korido, ambamo mambo mengi ya siasa hupangwa, yanampita mwenzake.

Madarasani hali ni nzito zaidi. Kongamano la walimu wa viziwi lililofanyika Milan mwaka 1880 liliamua viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na shule nyingi za mwanzo za viziwi katika kanda hii, zilizofunguliwa na mashirika ya dini miaka ya 1960, zilirithi mkondo huo. Kwa miongo mingi, aliyetakiwa kubadilika alikuwa mtoto kiziwi. Leo elimu jumuishi inamketisha katikati ya wenzake wenye kusikia kwa jina la kumkubali, na Tamko la Salamanca la mwaka 1994 hutajwa kuwa msingi wake. Wanaolitaja husahau kwamba tamko hilohilo lilisisitiza umuhimu wa lugha ya alama, likakiri kwamba huenda shule au madarasa maalumu yakawafaa zaidi viziwi. Mtoto aliyeketishwa kati ya wenzake arobaini wasiojua alama ametengwa, hata kama wote wanampenda.

Itasemwa kwamba Dar es Salaam si Chilmark. Ni kweli, na hakuna anayependekeza kila mkazi wa jiji awe mkalimani. Shule ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi viziwi, hata hivyo, ina ukubwa wa kijiji, na watoto wake wako katika umri uleule ambao wakazi wa kisiwani walijifunzia. Lugha ya Alama ya Tanzania ikifundishwa humo kwa wanafunzi wote tangu darasa la kwanza, kwa vipindi vya kawaida na kwa walimu viziwi, inatarajiwa kwamba urafiki kati ya makundi hayo mawili utakua kuliko katika shule zilizopewa kampeni pekee. Tafiti nazo ziache kuuliza tu kama watu wanawakubali viziwi, maana wengi watajibu ndiyo. Ziwape kazi ndogo: mwulize mwenzako kiziwi jana alikula nini, kisha utuambie amejibu nini.