Sanaa Iliyopita Tundu la Barua

Wapo wanaoiona sanaa ya posta, yaani kuchora, kushona au kubandika kitu, kukitia stempu na kumpelekea mtu mmoja, kuwa ni mabaki ya zama za kabla ya intaneti. Historia ya Birmingham, mji wa Uingereza, inawapinga. Mwaka 1975 marafiki wawili, Kate Walker na Sally Gollop, walianza kutumiana kazi ndogo za mikono baada ya Gollop kuhamia kisiwa cha Wight. Wanawake wengine wakajiunga, mradi ukaitwa Feministo, na Birmingham ikawa ngome yake: Monica Ross, Su Richardson, Phil Goodall na Suzy Varty wote walikuwamo. Wengi walikuwa na watoto wa kulea na hawakuwa na studio, hivyo walitumia kilichokuwamo nyumbani. Richardson alifuma kwa uzi kifungua kinywa kilichoungua, akakiita hivyo hivyo, *Burnt Breakfast*. Kazi inayofanywa kila asubuhi bila shukrani ikageuka kitu cha kutazamwa.

Kwa nini posta? Sisi tuliozoea kufuata barua kwenye sanduku la posta mjini tukumbuke kwamba Uingereza tarishi huitumbukiza ndani kupitia tundu la mlango. Kazi ya sanaa iliingia palepale ilipohusika, na aliyeipokea alijibu kwa kazi yake mwenyewe, hata baada ya wiki kadhaa, mtoto akishalala. Njia hiyo nayo ina mizizi Birmingham. Rowland Hill alikuwa mwalimu katika shule ya Hazelwood, Edgbaston, kabla ya kuandika kijitabu chake cha 1837 kuhusu mageuzi ya posta. Zamani mpokeaji ndiye aliyelipa, tena kwa kadiri ya umbali. Mwaka 1840 barua nyepesi ikaanza kwenda popote nchini kwa peni moja, mtumaji akilipa kwanza kwa stempu.

Mtu atauliza: kama faragha ilikuwa na maana, mbona mwaka 1977 kazi hizo zilionyeshwa hadharani katika jumba la sanaa la ICA, London? Nami nasema umati ulioingia pale ulikuta mazungumzo yaliyokwisha kujibizana, haukuyaanzisha. Pingamizi la wanaosema kwamba simu inatosha ni zito zaidi. Picha hufika papo hapo, na intaneti yenyewe imeisaidia posta: tangu 2005 Postcrossing imekuwa ikiwapa watu wasiojuana anwani za kutumiana kadi. Lakini anayetuma picha hubaki na kitu chake. Anayetuma kitu chenyewe hukikosa, na mwenzake anajua hivyo anapokishika. Ndiyo maana hulazimika kujibu.

Kwa hiyo sioni simu kuwa tishio. Tishio ni huduma yenyewe. Mwaka 2025 Royal Mail, shirika la posta la Uingereza, iliruhusiwa kupeleka barua za daraja la pili kwa kuruka siku moja moja badala ya kila siku, na nchini Denmark shirika la PostNord liliacha kabisa kusambaza barua mwishoni mwa mwaka huo. Tangu 2006 bei Uingereza hutegemea pia ukubwa: kinachozidi unene wa milimita 5 si barua ya kawaida tena, na kikizidi 25 kinalipiwa kama kifurushi. Yai lililofumwa kwa uzi huvuka kipimo hicho upesi, na mama mwenye watoto wadogo, yule aliyeijenga Feministo, ndiye wa kwanza kushindwa na bei.