Uzi uliofichwa ndani ya tairi

Mshona katambuga, yaani viatu vya tairi, hapokei kila tairi analoletewa. Kwanza hulichunguza pale lilipokatwa, ndipo aseme kama linamfaa. Likiwa na waya hulitupa kando, maana kisu hakipiti. Anachokitaka ni tairi la lori la zamani lenye nyuzi tupu. Akishalichana, mkato unaonyesha kila kitu: tabaka juu ya tabaka la nyuzi za rangi ya hudhurungi zilizolala mshazari, tabaka moja likielekea kulia na jingine kushoto, na kati yake mpira mwembamba. Ukijaribu kuuchomoa uzi mmoja kwa koleo, mara nyingi hutoka na vipande vya mpira vilivyoung'ang'ania.

Nyuzi hizo ndizo tairi lenyewe. Mzigo wa gari hubebwa na upepo, na upepo hushikwa na nyuzi. Mpira kazi yake ni kuzuia upepo usivuje, kukamata barabara na kuzilinda nyuzi. Mpira peke yake ungejazwa upepo, ungevimba kama puto mpaka upasuke. Lakini uzi nao hauna faida kama haukushikamana na mpira unaouzunguka. Historia ya tairi, tangu enzi za baiskeli hadi leo, kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliohangaika kuviunganisha vitu hivyo viwili visivyopendana.

Kutoka koti la mvua hadi gurudumu

Mwaka 1823, Charles Macintosh, mkemia wa Glasgow, alipata hataza ya kitambaa kisichopenya maji. Aliyeyusha mpira katika nafta iliyotokana na lami ya makaa ya mawe, akaupaka katikati ya vitambaa viwili na kuvigandamiza. Koti la mvua likazaliwa, na pamoja nalo wazo la kuuvalisha uzi mpira. Kasoro yake ilionekana upesi: wakati wa joto mpira ulinata, wakati wa baridi ukakakamaa. Dawa ilipatikana Marekani mwaka 1839, Charles Goodyear alipogundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa haulainiki ovyo tena wala haukakamai. Aliisajili hataza yake mwaka 1844, wakati Thomas Hancock akiwa amefikia jambo hilohilo Uingereza.

Mwaka uliofuata, kijana wa Kiskoti wa miaka 23, Robert William Thomson, alisajili gurudumu la upepo: mfuko wa turubai lililopakwa mpira, juu yake ngozi nene. Magurudumu hayo yalifungwa kwenye magari ya farasi na yakafanya kazi vizuri. Ila mpira ulikuwa ghali na hapakuwa na chombo cha kwenda kasi kilichoyahitaji. Yakasahauliwa.

Zaidi ya miaka 40 baadaye, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alilibuni upya gurudumu la upepo bila kujua habari za Thomson. Alitaka kuipunguzia mishtuko baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Alichukua mpira wa upepo, akauzungushia kitambaa kigumu na kuufunga kwenye gurudumu. Alipata hataza mwaka 1888. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli Willie Hume aliwashinda wenzake mashindanoni Belfast akitumia matairi hayo, na waliomcheka wakaanza kuyatafuta. Mwaka 1890 Dunlop aliarifiwa kuwa hataza yake haikuwa na nguvu kwa sababu Thomson alimtangulia, lakini biashara ilikwisha kushika kasi.

Raha hiyo ya baiskeli iliwagharimu sana watu wa Kongo. Mahitaji ya mpira yalipopanda, utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ulivilazimisha vijiji kugema mpira wa porini. Wake walishikwa mateka mpaka waume watimize kiwango, na wengi waliuawa au kukatwa mikono. Mwaka 1908 Ubelgiji ilimnyang'anya mfalme koloni hilo, baada ya kelele za dunia nzima.

Kitambaa kilichojikata chenyewe

Matairi ya mwanzo yalikuwa na ugonjwa mmoja. Turubai hufumwa kwa nyuzi za mtande na za mshindio, hizi zikipita juu na chini ya zile. Kila gurudumu lilipozunguka, tairi lilibonyea na kurudi, na nyuzi zikasuguana pale zilipopishana. Msuguano ulileta joto, nyuzi zikakatana zenyewe, tairi likapasuka kabla mpira wa nje haujaisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Mmarekani John Fullerton Palmer alikuja na jibu: ondoa mshindio. Alizilaza nyuzi sambamba, kila moja ikiwa imezungukwa na mpira, kisha juu yake akaweka tabaka jingine la nyuzi zinazoelekea upande wa pili. Nyuzi hazikugusana tena, kila uzi uligusa mpira tu. Ukilitazama tairi la mshona katambuga, mpangilio ni uleule wa Palmer. Ulianza kwenye baiskeli, na kufikia miaka ya Vita Kuu ya Kwanza ulikuwa unaenea kwenye magari.

Uzi wa wakati huo ulikuwa pamba, tena pamba bora yenye nyuzi ndefu, ya Misri na ya visiwa vya pwani ya kusini mashariki mwa Marekani. Vita vilipokuja, nyambizi zilihatarisha meli zilizobeba pamba ya Misri, na mdudu wa vitumba akaangamiza mashamba ya visiwani. Kampuni ya matairi ya Goodyear iliona afadhali ilime yenyewe. Mwaka 1917 ilianzisha mashamba ya pamba katika jangwa la Arizona, na mji uliokua hapo unaitwa Goodyear mpaka leo.

Pamba ilikuwa na fadhila moja ambayo wenye viwanda hawakuithamini mpaka walipoikosa. Uzi wake umesokotwa kwa nyuzinyuzi fupi, na ncha zake husimama kama vinyweleo. Mpira ukipita hapo huvikamata. Hivyo hapakuwa na haja kubwa ya gundi.

Bafu la gundi

Udhaifu wa pamba ulikuwa joto. Kadiri magari yalivyoongeza kasi na malori yalivyoongeza mzigo, ndani ya tairi kukawa jiko, na pamba ikapoteza nguvu. Katika miaka ya 1930 kampuni ya DuPont ya Marekani iliuza rayoni ngumu iliyoitwa Cordura, iliyotengenezwa kwa selulosi ya mimea. Ilistahimili joto kuliko pamba. Lakini uzi wa rayoni ni mrefu usio na mwisho, laini kama kioo, hauna kinyweleo hata kimoja. Mpira ulikosa pa kushika, tabaka zikaachana barabarani.

Aliyepewa kazi ya kuushikanisha uzi huo na mpira alikuwa mtu wa tabaka nyembamba. William Hale Charch alikuwa tayari amejijengea jina ndani ya DuPont kwa kuipaka selofani utando mwembamba sana uliozuia unyevu. Yeye na mwenzake Dorothy Maney walitengeneza mchanganyiko wa maji wenye vitu vitatu: resosinoli, formaldehidi na lateksi, yaani utomvu wa mpira. Hataza yao ilitolewa mwaka 1938.

Ujanja wake ulikuwa hivi. Resosinoli na formaldehidi zikikutana huungana na kuwa gundi ngumu inayouganda uzi. Lateksi iliyomo ndani yake, tairi linapopikwa, huungana kwa salfa na mpira wa tairi. Upande mmoja wa tabaka hilo umeshika uzi, upande wa pili umeshika mpira. Uzi na mpira havikulazimika kupendana, alipatikana mshenga.

Kiwandani, kazi hiyo huonekana hivi: kitambaa cha nyuzi sambamba hutoka kwenye bunda, kikazama ndani ya beseni la gundi, kikakamuliwa kati ya rola, kikapita kwenye kikaushio na kisha kwenye tanuri. Nailoni na poliesta hupita tanurini zikiwa zimevutwa kwa nguvu, kwa joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, ili zisije zikarefuka au kusinyaa ovyo barabarani. Kitambaa kilichoingia cheupe hutoka hudhurungi. Baada ya hapo rola kubwa hukivalisha mpira pande zote mbili. Kwa zaidi ya miaka 80, dunia imebadilisha nyuzi za kila namna huku beseni likibaki lilelile, marekebisho yakiwa madogo madogo.

Nailoni, poliesta na chuma

Nailoni, iliyobuniwa na Wallace Carothers wa DuPont mwaka 1935, iliingia kwenye matairi ya ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili, halafu kwenye malori na magari madogo. Ni ngumu na haiogopi mishtuko. Kero yake ni kwamba gari likilala usiku kucha, tairi hubaki na ubapa pale lilipogusa ardhi, na asubuhi hudunda mpaka lipate joto. Poliesta, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, iliondoa kero hiyo, na tangu miaka ya 1960 ikashika matairi ya magari madogo. Ila ngozi yake ni ya ubaridi kuliko ya nailoni, haiitikii gundi upesi. Ilibidi ipakwe kwanza dawa nyingine, ndipo gundi ya Charch ifuate.

Alama za zama za pamba bado zinatuzunguka. Dereva wa Hiace anapoulizia tairi la plai 8, hesabu hiyo inatoka wakati tabaka zilikuwa za pamba. Siku hizi tairi hilo linaweza kuwa na tabaka chache zaidi za uzi imara, lenye nguvu zinazolingana na tabaka 8 za zamani.

Ufaransa nayo ilishika njia ya chuma. Mwaka 1937 kampuni ya Michelin ilitoa tairi la lori lililoitwa Metalic, lenye kamba za waya mwembamba. Waya haukutiwa gundi ya beseni, bali ulipakwa utando mwembamba wa shaba iliyochanganywa na zinki. Tairi linapopikwa, salfa ya mpira hukutana na shaba na kuunda tabaka linaloushika waya. Shaba ikipungua waya haushiki, ikizidi tabaka hilo huwa tete na kuvunjika.

Mwaka 1946, Marius Mignol, aliyeanza kazi Michelin katika idara ya uchapaji, alifika kwenye tairi la radiali: nyuzi za kiwiliwili zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na mkanda wa waya unafunga chini ya kashata, yaani meno ya mpira yanayokanyaga barabara. Liliingia sokoni mwaka 1949 kwa jina la X, na leo ndilo tairi la karibu kila gari dogo.

Uzi uliokosa barabara, ukapata kazi nyingine

Miaka ya 1960, DuPont ilimpa mkemia Stephanie Kwolek kazi ya kutafuta uzi mwepesi na mgumu wa kuimarisha matairi, ili magari yale mafuta kidogo. Mwaka 1965 alipata myeyusho mwembamba wenye ukungu, tofauti na ule mzito na mwangavu uliozoeleka. Fundi wa mashine ya kusokota alisita kuupitisha, akihofia kwamba utaziba matundu. Kwolek akamshawishi. Uzi uliotoka, uliokuja kuitwa Kevlar, ukilinganishwa kwa uzito una nguvu mara tano ya chuma.

Hata hivyo chuma kilikuwa rahisi, kikabaki na mikanda ya tairi. Kevlar ikaenda kwenye fulana za kuzuia risasi, kamba na kofia za askari. Kwenye matairi ya ndege na ya magari ya kasi inarudi ikiwa imesokotwa pamoja na nailoni: nailoni hunyooka kwanza tairi likibonyea, Kevlar hudaka mzigo unapozidi. Nayo, kwa kuwa ni laini mno, haiingii kwenye mpira bila kupakwa dawa mara mbili.

Beseni la Charch lenyewe sasa linahojiwa. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka formaldehidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kordsa ya Uturuki na Continental ya Ujerumani zimetengeneza gundi isiyo na formaldehidi wala resosinoli, zikaiita Cokoon, na kuwafungulia mlango watengenezaji wengine waitumie.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mkono katika kazi hii. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, cha ubia kati ya serikali ya Tanzania na kampuni ya Marekani ambayo baadaye ilinunuliwa na Continental, kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Sameer, iliyorithi kiwanda cha Firestone cha Nairobi, iliacha kutengeneza matairi nchini Kenya mwaka 2016. Leo matairi tunayanunua kwa wengine, mengine yakiwa mitumba.

Kwa hiyo anayenunua ajifunze kuyasoma. Kwenye ubavu wa tairi la gari dogo mara nyingi pameandikwa tabaka zilizomo: ngapi za poliesta, ngapi za chuma, ngapi za nailoni. Zaidi ya hapo, angalia kama ubavu umetoa nundu. Nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na upepo umebaki ukishikwa na mpira peke yake. Tazama pia mkato uliofika kwenye waya, kwa kuwa maji yakiingia huleta kutu, na kutu huuachisha waya na mpira. Kashata zinaweza kuwa nzima kabisa na tairi likawa limekufa. Muuzaji akikuambia nundu haina neno, usilinunue, hata akikupunguzia bei nusu.