Darasa Lisilo na Cheti: Historia Fupi ya Collège de France

Mwaka 2030 Collège de France, taasisi ya elimu iliyoko katikati ya jiji la Paris, itatimiza miaka 500. Haiandikishi wanafunzi, haitungi mitihani, haitoi shahada. Mihadhara yake haina kiingilio. Atakaye huingia na kusikiliza mradi amepata nafasi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataufahamu upesi utaratibu huu, maana unafanana na darsa za misikitini, ambako sheikh hufungua kitabu na kila mwenye nia ya kujifunza husogea karibu.

Taasisi hii ilitokana na ombi. Mwanazuoni Guillaume Budé, bingwa wa Kigiriki, alimsihi Mfalme François I kwa miaka mingi aanzishe mahali pa kufundishia elimu zilizopuuzwa na Chuo Kikuu cha Paris. Mwaka 1530 mfalme akateua wahadhiri wa Kigiriki, Kiebrania na hisabati, akaahidi kuwalipa kutoka katika hazina yake. Mishahara ilichelewa mara kwa mara, lakini msingi ulikuwa umewekwa: aliyelipwa na mfalme hakuwa na sababu ya kumdai msikilizaji ada.

Walimu wa theolojia wa chuo kikuu hawakufurahi. Mwaka 1534 waliwashtaki wahadhiri wa mfalme, wakitaka wazuiwe kufafanua Biblia kwa kutumia Kigiriki na Kiebrania bila idhini. Mlei aliyeweza kuketi na kusikia matini asilia ikichambuliwa alikuwa amepata njia ya kuyapima mafundisho ya wakubwa wake.

Kwa miongo kadhaa wahadhiri hao hawakuwa hata na jengo lao. Walifundisha katika kumbi za kuazima, hadi mwaka 1610 Louis XIII, mfalme mtoto wa miaka minane, alipoweka jiwe la msingi. Kabla ya hapo mmoja wao, Pierre de La Ramée, aliyetoka katika ufukara, alikuwa ameacha wosia wa fedha za kugharimia kigoda cha hisabati. Aliuawa mwaka 1572 katika mauaji ya Waprotestanti mjini Paris. Kigoda chake kiliendelea baada yake.

Karne ya 19 ilileta majina makubwa na misukosuko mikubwa. Jean-François Champollion, aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale, alipewa kigoda mwaka 1831, akafariki mwaka uliofuata. Mwanahistoria Jules Michelet na mshairi wa Poland Adam Mickiewicz walivuta umati kwa kuzungumzia uhuru wa mataifa. Mwaka 1852 wote wawili walifutwa kazi. Ernest Renan, katika mhadhara wake wa kwanza mwaka 1862, alimwita Yesu mtu asiye na kifani. Somo lake lilisimamishwa, naye akarudishiwa kigoda mwaka 1870. Watawala hawakuogopa vitabu vya wasomi hawa pekee. Waliogopa ukumbi ambao hawakuweza kujua nani angeingia.

Uhuru huo wa msikilizaji ndio uliounda aina ya elimu inayotolewa hapo. Asiyefuata cheti huondoka mhadhara ukimchosha. Profesa naye hatakiwi kurudia somo la mwaka jana. Kila mwaka hueleza utafiti anaoendelea kuufanya. Akistaafu, kigoda chake hakirithiwi moja kwa moja, kwani maprofesa wenzake hukutana na kuamua ni taaluma gani ipewe nafasi hiyo. Michel Foucault, aliyefundisha hapo kuanzia 1970 hadi 1984, alizungumza mbele ya meza iliyojaa vinasa sauti vya wasikilizaji. Baada ya kifo chake, kanda hizo zilisaidia kuigeuza mihadhara yake kuwa vitabu.

Hata hivyo, wasikilizaji walifunguliwa mlango mapema kuliko wazungumzaji. Mwanamke wa kwanza kupewa kigoda, Jacqueline de Romilly, aliteuliwa mwaka 1973. Alain Mabanckou, mwandishi kutoka Kongo-Brazzaville, alihutubia juu ya fasihi ya Afrika mwaka 2016 akiwa na kigoda cha mwaka mmoja. Mwaka 2019 François-Xavier Fauvelle alizindua kigoda cha kudumu cha historia na akiolojia ya Afrika. Bara lenye historia ndefu namna hii lilisubirishwa mno.

Leo mihadhara mingi hurekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti bila malipo. Katika maadhimisho yanayokuja, kinachostahili heshima kuliko majengo na majina ni kanuni moja: mtafiti anayelipwa na umma ana wajibu wa kuueleza umma anachokitafuta, hata kabla hajakipata. Kanuni hiyo haihitaji jumba la kifalme. Inahitaji ukumbi, ratiba iliyotangazwa mapema, na profesa aliye tayari kuzungumzia kazi ambayo bado hajaimaliza. Chuo kikuu chochote kinaweza kuianza muhula ujao.