Kipimaumbali: jina linalostahili kamera zenye macho mawili

Vijana wanaopenda picha za mkanda wamezirudia kamera ndogo za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970, na mazungumzo yao hayaendi mbali kabla neno la Kiingereza rangefinder halijatajwa. Ni neno la kifaa kimoja tu kilichomo ndani ya kamera, lakini limegeuka jina la kamera nzima. Kwa Kiswahili napendekeza tuseme kipimaumbali, na kamera yenyewe tuiite kamera ya kipimaumbali. Nina sababu, na sababu hizo humsaidia pia mtu anayetaka kununua.

Tuanze na kazi yake. Mbele ya kamera, sehemu ya juu, kuna vidirisha viwili vilivyoachana sentimita chache. Kimoja ndicho unachochungulia. Cha pili, kidogo zaidi, hupokea mandhari ileile kutoka pembeni, na kioo kilichomo ndani huipeleka kwenye kidirisha cha kwanza. Huko inakutana na kioo cha pili, kinachopitisha sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu. Ndiyo maana katikati ya kidirisha unaona doa, mara nyingi la njano, lenye picha ya ziada. Ukimlenga mama aliyekaa mlangoni, mita tatu mbele yako, utamwona ana nyuso mbili zilizopishana. Zungusha pete ya lenzi taratibu: uso mmoja unasogea kuufuata mwingine. Zinapolaliana na kuwa uso mmoja, lenzi imekwisha kufika mahali pake na picha itatoka kali.

Siri iko kwenye pembe. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba, fumba jicho moja kisha lingine. Kidole kitaruka kushoto na kulia, wakati mti ulio ng'ambo ya shamba umetulia. Kitu cha karibu huruka sana, cha mbali huruka kidogo, na cha mbali kabisa hakiruki. Kamera hutumia vidirisha vyake viwili kama macho hayo, na pete ya lenzi imeungwa na kioo kinachozunguka, ili ukubwa wa mruko ugeuzwe kuwa mita. Kadiri vidirisha vinavyoachana, ndivyo kipimo kinavyokuwa makini. Kamera ndogo hulipa udogo wake hapo: macho yake yamekaribiana, kwa hiyo hupewa lenzi ya milimita 40 hivi, isiyodai usahihi mkubwa mno.

Chombo hiki hakikuzaliwa kwa ajili ya picha. Mwaka 1888 wasomi wawili wa chuo nchini Uingereza, Archibald Barr na William Stroud, walianza kubuni kipimo cha umbali kwa ajili ya jeshi, na miaka michache baadaye jeshi la majini la Uingereza likakichukua ili mizinga ya meli ipige palipokusudiwa. Kodak walikiunga na lenzi ya kamera mwaka 1916, Leica wakafanya hivyo kwenye kamera ndogo ya mkononi mwaka 1932, na Wajapani wakasaidia kukifikisha kwa watu wa kipato cha kawaida.

Sasa jina. Wapo watakaotafsiri neno kwa neno wapate kitafutamasafa. Tatizo la kwanza ni kutafuta. Kwa Kiswahili anayetafuta hajapata. Anaweza kutafuta mpaka jua likazama. Kifaa hiki hakitafuti chochote, kinapima, na Kiswahili kimekwisha kuzoea mlango huo: kipimajoto kiko hospitalini, kipimapembe kiko kwenye mkebe wa mwanafunzi. Neno jipya likiingia kwa mlango unaojulikana halihitaji kuelezwa mara mbili.

Tatizo la pili ni masafa. Ni neno zuri na lina haki yake, kwani hata asili ya kifaa ni mizinga, nasi husema makombora ya masafa marefu. Lakini redio imelichukua. Mtu wa Sumbawanga akisikia masafa anafikiri kwanza habari ya kituo na namba zake. Kipimamasafa kitamfanya fundi wa redio anyooshe mkono akidhani kimeletwa chombo chake. Umbali hauna mgogoro huo. Ni neno la nyumbani, la mtu anayeuliza kutoka hapa hadi Chala ni mbali kiasi gani, na ndilo linalofaa picha ya harusi na ya watoto.

Faida nyingine nimeiona kwenye betri. Kamera hizi nyingi zina kifaa cha pili, kile kinachosoma wingi wa mwanga. Tukikiita kipimamwanga, vyombo hivi viwili vinasimama bega kwa bega na mnunuzi anaelewa jambo ambalo wengi hulichanganya: kipimamwanga kinahitaji betri, kipimaumbali hakihitaji. Kipimaumbali ni vioo na chuma tu. Betri ikifa leo, bado utapima.

Kwa anayeishi Kate, wilayani Nkasi, kwenye uwanda wa Ufipa, hilo ni jambo la uzito. Canonet QL17 G-III ya Canon, iliyotoka mwaka 1972, na Olympus 35 RC ya mwaka 1970 zilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35. Betri za zebaki zimeondolewa sokoni, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaohusu zebaki, umezibana zaidi. Ukiweka betri ya kawaida ya volti 1.5, kipimamwanga hudanganyika. Zile za zinki na hewa zinazotumika kwenye vifaa vya kusaidia kusikia hukaribia zaidi volti inayotakiwa, ingawa huisha upesi. Lakini kamera zote mbili hupiga picha bila betri, ukipanga mwenyewe tundu la lenzi na kasi ya shata. Yashica Electro 35, ya mwaka 1966, ina lenzi ninayoipenda sana, ila shata yake inategemea umeme. Betri ikikosekana hubaki na kasi moja tu, ile ya juu. Kwa mtu aliye mbali na maduka ya mjini nisingeichagua iwe kamera yake ya kwanza. Ningempa Olympus: ni nyepesi, inaingia mfuko wa koti, na koti Ufipa huvaliwa kweli.

Ujihadhari na zinazofanana. Olympus Trip 35 ni ndogo na nzuri, lakini haina kipimaumbali. Pete yake ina vijipicha vya mtu, kundi na mlima, nawe unakisia. Rollei 35 nayo ni ya kukisia. Muulize muuzaji swali moja: ukichungulia, unaona picha ya pili katikati ikisogea unapozungusha pete? Akisita, aichungulie kwanza kisha akujibu.

Ukitafuta kamera hizi, wa kuwauliza ni wenye studio za zamani, walimu wastaafu na familia ambazo baba alikuwa mpiga picha wa mtaa. Ukiipata, usikimbilie lenzi. Anza na kipimaumbali. Lenga kona ya mlango iliyo karibu, ulaze picha mbili, kisha usome namba kwenye pete na uilinganishe na futikamba. Halafu lenga mbali. Hapa mwenyeji wa Ufipa amebarikiwa, maana uwanda wenyewe, ulioinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari pale Sumbawanga, una upeo ulio wazi. Mjini utatumia ukingo wa milima ya Mbizi. Kate utachagua mti mmoja uliosimama upeoni. Pete ikiwa kwenye alama ya nane iliyolala, yaani mbali kabisa, mti uwe mmoja. Ukiwa miwili iliyosimama sambamba, kipimo kimepotoka upande. Ukionekana mmoja umepanda juu ya mwingine, kimepotoka wima, na huo ni usumbufu kwa jicho kuliko hasara kwa picha.

Doa likiwa limefifia, bandika kipande kidogo cha utepe mweusi wa kunata katikati ya kioo cha mbele cha kidirisha unachochungulia, mkabala na doa. Mandhari ya nyuma hupungua nguvu pale na picha ya pili huonekana. Kisha ndipo umulike lenzi kwa tochi ya simu kutafuta kuvu, hasa kamera ikiwa imetoka pwani, na ufungue mgongo utazame sifongo za kuzuia mwanga, ambazo kwa umri huu nyingi zimegeuka utelezi mweusi unaonata. Sifongo hubadilishwa kwa gharama ndogo. Kupotoka kwa upande nako hurekebishwa, kwa skrubu iliyo chini ya kifuniko cha juu, na fundi wa saa mwenye mkono mtulivu anaiweza akionyeshwa mti ule wa upeoni na kuambiwa asiache kuzungusha mpaka uwe mmoja.