Kwa Nini Pokémon wa Kubadilishana Hukua Haraka

Onix, kiumbe wa Brock, bingwa wa ukumbi wa mji wa Pewter, ndiye kigingi cha kwanza kwa anayeanza kucheza Pokémon Red. Yuko ngazi ya 14. Ukimwangusha, mchezo unachukua thamani yake ya msingi, 108, unazidisha kwa 14, unagawa kwa 7: 216. Kwa kuwa ana mkufunzi wake, si wa porini, inaongezwa nusu: 324. Hizo ndizo pointi za uzoefu anazopata kiumbe wako akipigana peke yake. Lakini kama kiumbe huyo ulibadilishana na rafiki, inaongezwa nusu nyingine na hesabu inafika 486. Adui ni yuleyule, pigo lilelile, ila mgeni kamzidi mwenyeji kwa pointi 162.

Kanuni hii ina umri sawa na Pokémon wenyewe. Matoleo ya kwanza, Red na Green, yaliingia madukani Japani tarehe 27 Februari 1996, yakichezwa kwenye Game Boy ya Nintendo. Satoshi Tajiri, mwanzilishi wa kampuni ya Game Freak, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akikamata wadudu. Ule waya wa kuunganisha Game Boy mbili ulikuwa ukitumika zaidi kwa mashindano; yeye aliwaza wadudu wakitambaa ndani yake, wakihama kutoka mashine moja kwenda nyingine.

Tatizo ni kwamba mtoto aliyehangaika kumlea kiumbe wake hamtoi kirahisi. Game Freak walilijua hilo, wakaanza na shuruti. Ekans alipatikana kwenye Red tu, Sandshrew kwenye Green tu, kwa hiyo hakuna ambaye angekamilisha orodha yake ya viumbe bila mwenzake. Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter hawakuweza kufikia umbo lao la mwisho mpaka wapite kwenye waya. Nyongeza ya mara 1.5 ilikuja kama kishawishi juu ya shuruti hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa na akili zaidi. Shuruti inakufanya ubadilishane mara moja, basi. Nyongeza inakufanya umweke mgeni kikosini na kumpigania.

Kishawishi hicho kingeweza kuuharibu mchezo. Kaka mtu angempa mdogo wake Charizard wa ngazi ya 60, na dogo angewafagia mabingwa wote kabla ya chakula cha jioni. Ndiyo maana mgeni aliwekewa masharti ya utii. Bila beji, ile unayopewa kwa kumshinda bingwa wa ukumbi, anakusikiliza mpaka ngazi ya 10 tu. Beji ya pili inakupandisha mpaka 30, ya nne mpaka 50, ya sita mpaka 70, na ya nane inamaliza ubishi. Ukimlazimisha kabla ya hapo, anasinzia katikati ya pambano, anakupa mgongo, au anajiumiza mwenyewe. Sioni mfano mzuri kuliko huu wa kanuni mbili zinazochungana: moja inamharakisha mgeni akue, nyingine inamkataza akutii akikua kuliko hadhi yako.

Mchezo unamtambuaje mgeni? Kila unapoanza safari mpya, unapewa namba ya utambulisho kati ya 0 na 65535, na kila kiumbe unayemkamata anapigwa chapa ya namba hiyo. Katika matoleo ya kwanza, nyongeza iliangalia namba hiyo tu. Rafiki akikurudishia kiumbe wako, nyongeza inapotea, maana karudi kwao. Wajanja waligundua mlango wa nyuma: unamhifadhi kiumbe wako kwa rafiki, unafuta mchezo wako na kuanza upya, kisha unamchukua tena. Namba yako imebadilika, kwa hiyo yule uliyemlea kwa mkono wako sasa ni mgeni kwako, na anakua kwa kasi ya mgeni.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2006 kwa Diamond na Pearl, matoleo yaliyowawezesha wachezaji kubadilishana kupitia intaneti na watu wasiofahamiana. Kiumbe aliyetoka kwenye mchezo wa lugha nyingine alipewa mara 1.7 badala ya 1.5. Kinachopimwa ni lugha ya kaseti, umbali hauhesabiwi. Mchezaji wa Chicago akibadilishana na wa London hapati zaidi ya 1.5, ila Mfaransa wa Strasbourg akivuka mpaka kidogo tu na kubadilishana na Mjerumani, wote wawili wanapata 1.7. Kwa kipimo hicho, kaseti ya Kiingereza ya Nairobi na ya Kifaransa ya Bujumbura ni za kigeni kabisa, hata kama wenye nazo wanapiga soga kwa Kiswahili.

Tangu hapo nyongeza imepungua uzito. Katika Sword na Shield za mwaka 2019, kikosi kizima kinapata pointi hata kama ni mmoja tu aliyepigana, na huwezi kuzima utaratibu huo. Viumbe 6 wakipanda ngazi kwa pamoja, nusu ya ziada ya mmoja wao haimshtui mtu. Miaka mitatu baadaye, Scarlet na Violet zikaigusa hata ile kanuni ya utii: kiumbe uliyemkamata mwenyewe porini, akiwa na ngazi kubwa kuliko beji zako zinavyoruhusu, naye anaweza kukugomea kama mgeni.