Kubana nyuzi

Kubana ni kukaza kitu kati ya pande mbili, na kwa mpiga gitaa kitenzi hiki kinafaa kuliko kubonyeza pale kidole cha shahada kinapolala juu ya nyuzi zote sita, huku gumba likisukuma kutoka nyuma ya shingo. Umbo la kodi ya E likibanwa hivyo kwenye freti ya kwanza huwa F; kwenye ya tatu, G; kwenye ya tano, A. Kidole cha kati kikiinuliwa, meja hugeuka maina.

Anayejifunza ni heri aanzie freti ya tano, kwa sababu karibu na kichwa cha gitaa nyuzi ni ngumu zaidi kukandamiza. Kidole kigeuzwe kidogo, kilalie ubavu wenye mfupa. Nyama laini ya chini humeza sauti. Wengi hujichosha bure kwa kukaza kila uzi. Nyuzi tatu za katikati tayari zimeshikwa na vidole vingine, hivyo cha shahada kina kazi ya kweli kwenye uzi mnene kabisa na zile mbili nyembamba tu.