Miaka Mingapi Kuwa Jenerali?

Jumamosi moja, baada ya mpira pale karibu na reli, kijana mdogo wa kwetu aliniuliza: "Kaka, ili mutu akuwe jenerali, anasoma miaka ngapi?" Hapa Namuwongo nafanya kazi na vijana, maswali nimeyazoea. Hili lilinishinda. Nikaenda kusoma.

Tuanze kwetu Kongo. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, jeshi letu, Force Publique, lilikuwa na askari zaidi ya 20,000, lakini hapakuwa na afisa hata mmoja Mkongomani. Wote walikuwa Wabelgiji. Siku tano baadaye mkubwa wao, Jenerali Janssens, akawaandikia ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru. Askari wakaasi.

Ili kuzima moto, Lumumba aliwapandisha askari wote cheo kimoja. Tarehe 8 Julai Joseph Mobutu, aliyeacha jeshi mwaka 1956 akiwa sajini na kuwa mwandishi wa habari, akafanywa kanali na mnadhimu mkuu. Yeye ndiye aliyezunguka kambini kuongea na askari na kupanga maafisa wapya. Hapo ndipo pa kuangalia: watu hao walipata nyota mkononi mwake, si shuleni. Tarehe 14 Septemba akatangaza wanasiasa wakae pembeni. Lumumba, aliyempa cheo, aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Mobutu akatwaa nchi mwaka 1965, akaishikilia mpaka 1997.

Tusidhani ni ugonjwa wa Kongo peke yake. Hapa Uganda, Idi Amin alikuwa luteni mwaka 1961. Januari 1964 askari wa Jinja waliasi, wakitaka mshahara na maafisa Waafrika. Waingereza wakaanza kuondoka, nafasi zikabaki wazi, Amin akapanda mbio. Baadaye akahusishwa na dhahabu ya waasi wa Simba, waliokuwa wakipigana huko kwetu. Februari 1966 Bunge likataka asimamishwe achunguzwe. Obote akamkabidhi uongozi wa jeshi. Mwezi Mei jeshi hilo likashambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo. Tarehe 25 Januari 1971 Amin akampindua Obote mwenyewe.

Mimi siilaumu haraka peke yake. Wakoloni walikataa kufundisha maafisa Waafrika mapema, na jeshi haliwezi kukaa bila mkubwa. Lakini cheo cha haraka kilipaswa kufuatwa na shule, sheria na mtu wa kuuliza maswali. Moto ukizimika, kila mtu anasahau kuuliza. Mwenye nyota hasahau.

Mwaka 2009 tulirudia tena. Bosco Ntaganda alikuwa tayari anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, lakini kwa ajili ya amani akaingizwa jeshi la taifa kama jenerali. Mwaka 2012 uasi ukaanza upya, M23, na watu wengi wakavuka Bunagana na magodoro kichwani. Mwaka 2019 mahakama ikampa miaka 30.

Kwa hiyo nyinyi ndugu wa kambini, na nyinyi wa mashirika mnaotuitia semina za amani: tukisikia mazungumzo tena, tusiulize tu kama risasi zimenyamaza. Tuulize nani amepewa cheo gani, na nani atamsimamia.

Yule kijana nilimrudia na haya yote. Akanisikiliza, kisha akasema: "Basi kupigana kunaenda mbio kuliko kusoma." Nilikaa kimya kidogo. Nikamwambia ni kweli, kunaenda mbio, ndiyo maana mimi na wewe tuko Namuwongo. Hakujibu. Lakini Jumamosi iliyofuata, wenzake walipogawana vyeo kabla ya mpira, alikataa kuitwa jenerali. Akasema yeye atakuwa refa.